Alidunda Mara Mbili

Kwa miaka kumi na sita karani yule alikaa kwenye meza ya kando ya uwanja, akiandika kila kikapu, kila pasi na kila kosa la klabu yao ya kulipwa ya mpira wa kikapu. Wachezaji walimwita Shangazi, na wakimbishia aliwajibu, "Mimi siandiki kwa mapenzi, naandika kwa macho."

Msimu ule macho yenyewe yalimuuma. Mfungaji nyota wa timu naye walimwita Nipe, maana uwanjani hakujua neno lingine; mpira ukimfikia, ndiyo kwaheri ya kuonana. Nahodha, mtu mzima waliyemwita Mgawaji, alikuwa kinyume chake. Alitaka wote watano waguse mpira mpaka mmoja wao abaki peke yake chini ya ringi. Uongozi ulimwandikia kwamba mkataba wake utaongezwa akifikisha msimu ule pasi mia moja za kikapu, yaani zile zinazozaa kikapu; asipofikisha, basi.

Nipe aliijua barua hiyo. Aliijua pia kanuni ya meza: mpokeaji akifunga papo hapo, au akidunda mara moja tu, pasi inahesabiwa; akidunda mara mbili, ni juhudi zake mwenyewe. Sasa bwana mkubwa akawa anapokea mpira chini ya ringi, hana mpinzani karibu, anadunda paa, paa, ndipo anafunga. Kisha anaigeukia meza na kutabasamu.

Jamani, kuna watu wana roho ya korosho! Shangazi alitamani kumrushia kalamu. Hata hivyo aliacha kisanduku cha Mgawaji kitupu, kwa sababu kanuni ni kanuni.

Mechi ya mwisho ilifika Mgawaji akiwa na pasi tisini na tisa. Zikiwa zimebaki sekunde nane, timu ikiwa nyuma kwa pointi moja, aliwavuta mabeki wawili upande wake, akampenyezea mpira Nipe. Nipe alikuwa peke yake. Akadunda paa, akadunda paa, beki akatokea nyuma akampokonya. Mchezo ukaisha hapo.

Meneja alikuja mezani anatota jasho. "Shangazi, hapo andika pasi mbaya ya Mgawaji."

"Pasi ilimfikia kifuani."

"Huyu Nipe ndiye anayetujazia viti!"

"Basi aje anijazie na karatasi." Akaandika kosa kwa jina la Nipe, akatia sahihi kwa hasira hadi karatasi ikatoboka.

Mgawaji naye akaja, taulo shingoni. "Ngapi, Shangazi?"

"Tisini na tisa."

"Ile niliyompa Nipe robo ya pili, hakudunda mara moja tu?"

Neno moja lingetosha. "Mara mbili, baba."

Mgawaji akafikiri, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Kweli. Mbili."

Kesho yake asubuhi barua ya kumwacha Mgawaji ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa ofisi. Kosa la Nipe halikutajwa popote. Shangazi aliisoma akiwa amesimama, mkoba bado begani: klabu inaachana na nahodha wake "kwa mujibu wa kumbukumbu za karani wetu, ambaye uaminifu wake hauna shaka."