Gari Lisilo na Rivasi

Mtaani walimbandika jina la Harudi Nyuma, na wageni wakadhani ni sifa ya msimamo. Msimamo gani! Gari lake halikuwa na rivasi, basi. Lilikuwa gari la viti saba, la mlango wa kuvuta ubavuni, lililopita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia yeye, mpiga rangi wa nyumba, na kila aliyelimiliki aliliachia ugonjwa wake.

Rejeta ilivuja, kwa hiyo dumu la maji halikukosa chini ya kiti. Shokomzoba zililia kwenye kila tuta. Mlango ulimkubali anayeujua tu: uuinue kidogo, uusukume kwa goti, ndipo ufunguke. Hayo yote aliyamudu. Kisha asubuhi moja akaweka gia ya kurudi nyuma, injini ikanguruma, na gari likatulia tuli kana kwamba halikuambiwa lolote.

Fundi aliyekuwa akilitibu gari hilo miaka yote alijifuta mikono, akaguna.

"Mzee, hapa sikudanganyi. Giaboksi imekwisha. Ukitafuta iliyotumika, ukaongeza na ufundi, unakaribia bei uliyonunulia gari zima."

"Na nikiacha?"

"Mbele litakwenda. Nyuma, usiniulize."

Pesa ya giaboksi alikuwa nayo, nisije nikamfanya maskini kuliko alivyokuwa. Tatizo ni kwamba mkewe ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali, kiharusi kimemlaza mguu wa kushoto, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitaka malipo kila wanapokwenda. Akiba ilikuwa hiyo hiyo moja. Giaboksi au mguu? Hata hakuomba ushauri. Alilipia mguu.

Tangu hapo akaendesha kama mtu aliyekatazwa kugeuza shingo. Hakuegesha akitazama ukuta. Akipitiliza nyumba ya mteja, alizunguka mtaa mzima na ngazi zake juu ya paa, watoto wakimpungia mikono kila akipita. Penye ua mdogo aliliacha gari nje ya geti, akabeba ndoo za rangi mwenyewe. Watu walicheka, naye akacheka nao, maana mtu huyu kila kitu alikitafutia shukrani. Breki zinashika, ashukuriwe Mungu. Limewaka asubuhi, ashukuriwe Mungu. Mlango mpana, kiti cha magurudumu kinaingia bila kukunjwa, sasa gari gani jipya lingempa hilo?

"Wewe," mkewe alimwambia, "hata injini ikikudondokea utashukuru kwamba haikuwa ya moto."

Lakini mkewe mwenyewe shukrani zilikuwa zimemwishia. Kwenye chumba cha mazoezi alishika vyuma viwili, akasimama kwa mguu mmoja, ule wa kushoto akauning'iniza. Kila siku hivyo hivyo. Mwishowe mtaalamu, binti mpole lakini asiyeficha kitu, akamwita mume pembeni.

"Baba, mguu una nguvu. Mama anaogopa. Asipoukanyagia sasa, utazoea kulala, na sitaweza kuuamsha tena."

Maneno hayo yakamkaa kifuani. Mguu usipoamka, pesa imekwenda, giaboksi imekwenda, na mkewe, ambaye siku zote alitembea haraka kuliko yeye, ndiyo basi tena. Alishindwa kumwambia. Akampakia garini, akaondoka.

Siku hiyo barabara ilikuwa imefungwa, watu wanachimba bomba. Kwa mawazo aliyokuwa nayo akakata kona bila kumuuliza mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akimchagulia njia. Kichochoro chenyewe chembamba, tambarare, kuta huku na huku. Mwisho wake, geti la chuma lenye kufuli.

"Baba watoto, umetuingiza wapi?"

"Usiulize, mama."

Akazima injini, akaweka frii, akaenda mbele akasukuma. Wapi! Jasho likamtoka, gari halikutikisika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua akachungulia mlangoni kwake, akamhurumia, akaja na mikono yake yenye povu. Yeye akasukuma kwa mbele, mpiga rangi akasukuma ubavuni, mkono mmoja dirishani ameshika usukani. Likasogea kidogo, likagoma.

"Nishusheni!" mkewe akasema toka ndani. "Mnanisukuma na mimi wa nini?"

Akamshusha. Alipotaka kumtolea kiti chake, mkewe akakataa. "Niegemeze hapo mbele."

Akamwegemeza kwenye boneti, taulo la mazoezi chini ya viganja maana bati lilikuwa la moto. Akamsihi yule mwanamke amshike vizuri, akarudi kwenye usukani.

Gari likaondoka. Liliondoka kwa urahisi hata akashangaa yule mama mfuaji ana nguvu gani. Akainua macho ili amshukuru. Mfuaji alikuwa akisukuma kwa mkono mmoja tu, wa pili umemzunguka mkewe kiunoni. Na mkewe, ameinama juu ya boneti, meno ameyauma, anasukuma. Mguu wa kulia ukaja. Kisha wa kushoto ukaburuta kiatu, ukakanyaga, ukabeba. Gari likirudi nyuma naye akalifuata. Tena wa kulia. Tena wa kushoto!

Mpiga rangi akasahau kazi yake. Macho yakamjaa, mkono ukalegea, gari likapinda taratibu mpaka kioo cha upande wa pili kikagonga ukuta, pa! Bei ya kioo hicho aliijua vizuri, na hakuionea uchungu hata chembe. Alisimama akilia waziwazi mbele ya mtu asiyemjua, akisema asante, asante, wala hajui anamwambia nani.

"Unalia nini, baba watoto?" mkewe akafoka, pumzi zikimtoka juu juu. "Shika usukani! Sisi huku tunasukuma."