Beseni la Jumamosi

Jumamosi mimi ni mpishi. Siku nyingine ni mkimbizi kama wengine hapa Kashojwa, kijiji cha kambi ya Nakivale, Uganda, nalima mihogo na kugombana na mbuzi wa watu.

Chakula cha jiko letu la pamoja kilitoka mjini Mbarara. Mama mmoja wa Kiislamu, muuza mboga sokoni, alikusanya kwa wenzake vitu visivyoweza kungoja Jumatatu: nyanya zilizolainika, kabichi zilizochanika, ndizi za kupika zilizoanza kugeuka manjano. Alivipakia kwenye lori linalokuja tupu kambini kununua mahindi, kisha akanipigia simu. Alikulia karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili chake kilikuwa amri hata alipokuwa anakuhurumia. "Nyabo, mama yangu, iko nyanya mingi. Pika leo! Kesho iko maji tu." Nampenda mama yule. Hakuwahi kuniletea uozo akauita sadaka.

Tulianza pale posho ya chakula ilipopunguzwa, watu wakawa wanajifungia ndani jioni ili jirani asione kwamba hawana cha kupika. Sisi wa Kivu Kusini, Kongo, hatujazoea kila mtu na sahani yake. Tulikaa watu watano, sita, kwenye beseni moja la ugali, bakuli la mboga katikati, na mkubwa wa beseni ndiye anayeanza. Kabla hajanawa na kumega, hakuna mkono unaoingia.

Kwenye beseni la karibu na mlango wa jiko, mkubwa alikuwa mzee jirani yangu. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya jiko, ng'ambo ya migomba michache. Alifika Nakivale peke yake. Wale aliotoka nao kwetu Fizi hakuwahi kuwataja mbele yangu, nami sikumuuliza. Wiki nzima hakuna aliyemhitaji kwa lolote. Jumamosi akichelewa, watu walipiga kelele hadi mlangoni kwake: "Mzee, kuya basi! Njaa inatuua!" Naye alijikokota makusudi, namjua, akanawa mikono taratibu kama bwana harusi huku wenzake wakimeza mate. Alikuwa msumbufu kwelikweli. Lakini pale alikuwa mtu wa kusubiriwa, na kambini sisi ndio tunaosubiri, hatusubiriwi.

Kisha wakaja watu wa shirika moja, wenye nia njema na vizibao safi. Waliona mikono mingi ndani ya beseni moja wakashtuka. Wakaleta vibakuli vya plastiki vyenye vifuniko: panga foleni, pokea, nenda nyumbani. Nikawaambia watu wanakuja pia ili wakae pamoja. Wakanijibu kwa upole kwamba sasa tutalisha wengi zaidi. Na kweli tulilisha wengi zaidi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba siwezi hata kusema walinidanganya.

Jiko likawa shwari. Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyegombezwa. Mzee alipanga foleni kama wengine, akapokea kibakuli chake, akaingia ndani na kufunga mlango. Siku moja nilimkuta akiwamwagia kuku wa jirani chakula chote. Nikamfokea kwamba chakula hakitupwi.

"Kinapoa mu njia," akasema.

Njia yenyewe ilikuwa ya kurusha jiwe. Nikasonya, nikaenda zangu.

Jumamosi moja mvua ilinyesha, foleni ikaisha mapema, kikabaki kibakuli kimoja, nami sikuuliza ni cha nani. Mama mwenye watoto wengi akaniomba nimwongezee, nikampa kwa furaha, naye akaniombea baraka nyingi. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Naona aibu hata kuliandika neno hilo.

Jumatatu jirani aliyekwenda kuazima jembe alimkuta mzee chini, kando ya kitanda, homa imemmaliza nguvu, midomo imepasuka kwa kiu. Tulimbeba hadi zahanati. Muuguzi akauliza nani alimwona mara ya mwisho. Aliyesimama nyuma ya mzee kwenye foleni ya wiki iliyotangulia alisema anakumbuka koti lake tu.

Hakurudi tena nyumbani. Wanasema ni malaria iliyomuua, na karatasi ya zahanati inasema hivyo hivyo, wacha iseme. Mimi nilikaa naye jioni ile kabla hajanyamaza. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na yeye pia hakusalimika. Nikamuuliza kwa nini hakuita, na jiko liko pale pale, nyuma ya ukuta wake.

"Nilisikia masufuria," akasema. "Nikasema, batatuma mutu, habawezi kula bila miye. Nikangoja. Kisha nikasikia munasugua masufuria."