Oili Chafu Mgongoni mwa Mbwa

Miaka ya sabini, Kawangware, mbwa wangu alipata upele. Nilimpaka oili chafu iliyotolewa kwenye lori, kama majirani wote walivyofanya. Akajilamba, akaanza kutapika. Daktari wa mifugo niliyemzoea alishawahi kunicheka kwa kumlisha mbwa ugali mtupu, kwa hiyo nikatafuta mwingine.

Huyu mpya aliuliza kwa upole, "Mama, umempaka nini?"

"Sabuni tu, daktari."

Akampapasa mbwa mgongoni, akanusa vidole vyake. Mbwa akatapika tena, safari hii akilegea miguu. Hapo nikakiri.

"Hata kwetu tulipaka hiyo," akasema. "Ungeniambia mapema, ningejua pa kuanzia."

Mbwa alipona. Mimi bado naona haya: nilikuwa nimempata daktari asiyenicheka, na bado nikamdanganya.