Bakuli Lililooshwa kwa Sabuni

Mniwie radhi kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Shule yangu iliishia ya msingi, na mkono wangu kwenye karatasi huenda kama mtu anayevuka barabara amebeba mayai.

Nataka kuwaeleza habari za Profesa. Shangazi yangu humhudumia mzee huyo nyumbani kwake, mtaa wa Seven Hills, huku ughaibuni. Humpikia, humsafishia, humkumbusha dawa. Siku nisizo na kazi huwa naandamana naye, kwa sababu nikibaki peke yangu kwetu Liverpool, mtaa mwingine wa jiji hilihili na si ule mji wa mpira, naweza kushinda kutwa bila kusema neno, na Shangazi anaona huo ni ugonjwa. Wao huongea Kiingereza, kila mmoja cha kwake. Mimi nakigeuza hapa.

Profesa alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufundisha uhandisi wa kauri, yaani vitu vya udongo uliochomwa, chuoni kwao. Wanafunzi walikuja wakidhani watafinyanga vyombo vya maua. Akawapa matofali ya ndani ya matanuri ya kuyeyushia chuma. Akawapa vile vikombe vyeupe vinavyoshika nyaya juu ya nguzo za umeme. Akawapa na vyoo, hasa vyoo. Marehemu mkewe alikuwa akimsubiri nje ya hoteli za watu huku yeye amepiga magoti msalani, anachungulia udongo wa choo umechomwa vipi.

"Yesu wangu!" Shangazi alisema aliposikia. "Kumbe mimi namlea profesa wa vyoo!"

"Na ni siku gani, Mama, uliwahi kuishi bila kazi yangu?"

Siku za mapumziko alikuwa mfinyanzi. Wahandisi wenzake walimwita mfinyanzi, wafinyanzi wakamwita injinia, na kote alitaniwa. Vyombo alivyofinyanga alivigawa vyote. Yeye mwenyewe alikula kwenye sahani ya plastiki ya supamaketi, ya kijani, yenye picha ya nanasi.

Mwaka huu binti yake alimwambia ahamie kwake mjini, kwenye fleti. Tanuri la umeme lililokuwa bandani likauzwa, na mnunuzi angekuja kulichukua Ijumaa. Kabla ya hapo Profesa alitaka kitu kimoja tu: bakuli lake mwenyewe la kulia, aende nalo. Siku hizi mikono yake inatetemeka, kwa hiyo alilifinyanga kwa wiki kadhaa, anabomoa, anaanza upya. Mwishowe likapatikana, jembamba, zuri, likawekwa rafuni likauke na kungoja moto.

Sasa, Shangazi hawezi kuona chombo chenye vumbi akakiacha. Vikombe vya kanisani anaviosha kabla ya kutumika na baada ya kutumika, na vikikaa kabatini anaviosha katikati.

Jumatatu nilitumwa maziwa. Niliporudi nilimkuta Shangazi kwenye sinki, mikono imejaa povu, anatazama maji ya rangi ya chai.

"Lilikuwa na vumbi," akaniambia. "Nikalisugua kidogo, likaanza kuniachia mkononi. Nikasema huu ni uchafu wa zamani. Nikasugua zaidi."

"Bakuli la Profesa?"

"Sema polepole! Limekwenda wapi, mwanangu? Nimelishika kwa mikono yangu, limekwenda wapi?"

Nilisikia kigari anachokisukuma Profesa akitembea kikija. Akafika, akainama, akatazama sinki. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka akashika friji asianguke.

"Mama, umetoa somo langu la kwanza!"

Akatueleza. Kila mwaka, siku ya kwanza, alitumbukiza chombo kizuri kisichochomwa kwenye beseni mbele ya wanafunzi, kisha akaendelea kuongea mpaka kikawa tope. Halafu akatumbukiza kingine kilichopita motoni, nacho kikakaa majini bila wasiwasi, kama bata. "Nikawaambia, kazi yangu yote iko katikati ya hivi viwili. Ila sikutumia sabuni."

Kisha kicheko kikamwisha. Akatazama mikono yake. "Siwezi kulifinyanga tena kabla ya Ijumaa."

Shangazi alikuwa anajifuta macho kwa aproni. Mimi nisiyesema, nikajisikia nasema: "Tuna mikono sita."

"Yangu itoe!" Shangazi akaruka. "Kwetu vyungu nilinunua sokoni, tena kwa kugombana."

Hakuachiwa. Tulimwaga tope la sinki juu ya bamba nene la plasta linalofyonza maji, likawa donge. Profesa akakaa kitini akifundisha kama yuko chuoni. Mimi nilishika, Shangazi alibinya kwa vidole gumba, na Profesa alipitisha kidole chake kwenye ukingo pale tulipopotoka.

"Mama, huo si unga wa mandazi."

"Papa, mandazi hayana maneno mengi hivi," Shangazi akajibu. Papa kwake ni baba, ndivyo anavyomwita.

Tulilikausha kwenye oveni, moto mdogo, mlango umeachwa wazi kwa mwiko. Kila mara Profesa aliligusisha shavuni. Likiwa baridi, bado lina maji. Akanifundisha nami nipime hivyo, nikapanda treni ya kurudi na udongo usoni. Alisema likiingia tanurini na maji ndani litalipuka kama bisi. Jumatano tulipoliwasha tanuri, Shangazi alizima hata redio ili asikie.

Alhamisi jioni tukafungua. Halikulipuka. Lilikuwa limeegemea upande mmoja, vidole vya Shangazi vimejichora pande zote. Profesa akaligonga kwa ukucha, likalia vizuri. Akalijaza maji, akaliweka juu ya gazeti. Tukasubiri. Gazeti likabaki kavu.

"Halivuji," akasema. "Lakini kwa umbo limefeli."

Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Limefeli? Papa, ongeza alama hata kidogo. Mtoto amejitahidi!"

"Wazazi wote husema hivyo."

Ijumaa, wanaume walipolitoa tanuri bandani, Profesa hakwenda kuangalia. Alikuwa mezani anakula uji kwenye bakuli lililofeli. Upande ulioinama aliugeuzia kwake, ili uji usimkimbie.

Udongo uliobaki bandani alinipa, na uko chini ya kitanda changu. Nimeshafinyanga vikombe viwili, nimevificha juu ya kabati. Bila moto ni tope tu ambalo Shangazi hajalikuta.

Kwa hiyo wewe uliyefika hapa, niandikie. Kama unamjua mtu mwenye tanuri, niambie yuko wapi. Kama humjui, nieleze tu kwenu chungu kipya hufanyiwa nini kabla hakijapikiwa. Nikimtembelea Profesa mjini, jambo la kwanza yeye huuliza kama kuna aliyejibu.