Nusu ya Neno Ilipoondoka na Treni

Nakumbuka jioni ile, mwanangu, treni ya Tabora ilipoondoka na nusu ya jibu langu la shule, ikaniacha Fela nimesimama na filimbi ya watu mkononi.

Ngoja kwanza nikwambie anayekwambia ni nani. Ukishuka stendi ya Buzuruga ukamuuliza mtu yeyote, hata mgeni wa jana, stoo ya Gadi iko wapi, atakuonyesha kwa kidole bila kufikiri. Gadi ndiye mimi. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Leo nina nyumba Ilemela, juu ya jiwe ambalo mafundi walisema halijengeki, na mizigo ya watu kutoka Kisesa mpaka Kahama inalala kwangu bila kupotea hata kamba. Najisifu? Kuku akitaga hulia, na mimi nimetaga. Lakini yai la kwanza lilikuwa neno moja la Kiswahili, tena nilipewa nusu yake.

Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama pale Fela, stesheni ndogo karibu na Mwanza. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu, na kila mwenye mikono alikuwa anauza kitu. Bibi aliuza matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa vikakaushwa juani, na mimi ndiye niliyekuwa miguu yake: treni ikisimama nakimbia na sinia kutoka dirisha hadi dirisha. Kazi hiyo nisingemwachia mtu. Treni niliipenda kuliko chakula. Nilikuwa nalaza sikio kwenye reli niisikie kabla mbwa hawajaisikia (usifanye hivyo, nilikuwa mjinga), na kwa mlio wa honi tu nilijua dereva ana hasira au ameshiba.

Shida yangu ilikuwa msamiati. Mwalimu Adventina, mama wa Kihaya mwenye sauti ya chini, kila Ijumaa alitupa maneno ya kwenda nayo nyumbani: andika maana, tunga sentensi. Kamusi ya shule ilikuwa moja, imefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu. Nyumbani tulizungumza Kisukuma, na Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kuuzia viazi tu. Basi mimi kila neno nililipakia kwenye treni. Huzuni? "Treni ikichelewa napata huzuni." Jirani? "Behewa ni jirani wa behewa." Tena niliandika "leli", maana kwetu ile R ni mgeni, haijapewa kiti. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: "Unaishi kando yake na jina lake hulijui."

Hilo liliniuma. Nilimwambia bibi shule imenishinda, niache nikauze matobolwa kutwa nzima.

Hakunigombeza. Aliendelea kupanga sinia, kisha akasema, "Treni inaleta watu wa kila pembe, na kila mmoja kaja na Kiswahili chake. Wewe unawauzia viazi, halafu unawaacha waende na maneno yao bure?"

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Tangu siku hiyo abiria wakawa kamusi yangu. Nanyosha sinia: "Shikamoo mama, matobolwa haya. Na 'hekaheka' maana yake nini?" Walicheka, lakini walijibu. Wa Kigoma na wa Dodoma waligombania neno moja dirishani huku mimi nasubiri hela yangu. Mmoja akasema, "Huyu mtoto anauza viazi au anahesabu watu?" Wakaniita mtoto wa maneno.

Ndipo ikaja Ijumaa ya neno "amana".

Treni ya jioni iliposimama, kwenye dirisha la daraja la tatu nilimwona mzee amevaa kofia ya kazi iliyobanduliwa nembo. Kofia ile niliijua. Ilikuwa ya gadi, yule mkubwa wa treni anayepuliza filimbi na kupeperusha bendera ya kijani ndipo dereva aondoke. Miaka ile watu wengi walipunguzwa kazini, naye alikuwa mmoja wao. Alikuwa anarudi kwao Tabora, abiria kama abiria wengine.

"Shikamoo mzee. Amana ni nini?"

"Marahaba. Nilidhani utaniuliza nanunua vya bei gani." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa filimbi ya chuma iliyong'aa kwa kushikwashikwa. "Bendera nimewarudishia. Hii ni yangu mwenyewe. Haya, shika nikufundishe. Amana ni kitu unachopewa..."

Treni ikashtuka. Yeye aliyeondosha treni maisha yake yote, siku hiyo iliondoka naye bila kumuuliza. Nilikimbia kando ya behewa na sinia kichwani, naona mdomo wake unafunguka na kufungika, sisikii ila magurudumu. Jukwaa likaisha. Nikabaki.

Sasa wewe fikiria: mtoto mwenye wazimu wa treni, ameshika filimbi ya gadi. Niliipuliza mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Kisha nikakaa nikaandika: "Amana ni kitu unachopewa. Abiria amenipa amana, sasa ni yangu." Nikamsomea bibi kwa majidai. Majidai sikuyapata kwenye utajiri, nilizaliwa nayo.

Bibi akauliza swali moja tu. "Alimaliza kusema?"

"Treni iliondoka, bibi."

"Basi una nusu. Behewa likikatika njiani huendelea kutembea kidogo, waliomo wakadhani safari bado ipo." Akachukua ile filimbi, akaifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa, akanirudishia. "Ng'wanawane, mwanangu, usiipulize mpaka uipate nusu iliyobaki."

Angeninyang'anya ningemchukia. Aliponirudishia, nikakosa pa kumchukia.

Jumatatu, kabla ya kengele, nikafuta ile sentensi. Zamu yangu ilipofika nikasoma, "Amana ni kitu unachopewa," nikanyamaza.

"Na lililobaki?"

"Liko kwenye treni, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Adventina hakucheka. Aliniita mbele, akasikiliza habari yote, kisha akanimalizia taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba: "...ukitunze mpaka mwenyewe atakapokihitaji."

Mwanangu, pale pale filimbi ikaacha kuwa yangu. Nilitamani treni ingekwenda na lile neno lote.

Rafiki yangu Shija, ambaye baba yake alikuwa na duka, akaja na treni ya plastiki, mpya, ya betri, inazunguka yenyewe na taa inawaka. "Tubadilishane," akasema. "Yule mzee kapunguzwa, atarudi kufanya nini huku? Abiria si mabehewa, hawarudi." Akaniachia niichezee mchana kutwa. Sikudanganyi, niliipenda, na usiku nililala nayo kifuani. Lakini kulipokucha nilisikia honi ya treni yenyewe kwa mbali, na mkono wangu ukaenda kwenye kitambaa cha bibi, si kwenye plastiki. Cha kuazima hakistiri maungo. Nikamrudishia Shija treni yake, akaniita mshamba.

Ikawa kila treni ya kutoka Tabora ikifika asubuhi, kabla ya shule, napita madirishani: "Mzee wa filimbi yumo?" Masika yakaja, yakaenda. Watu wakaanza kunijibu kwa huruma, kama anavyojibiwa mgonjwa. "Leo hayumo, baba. Labda kesho." Bibi alinipa sinia tu.

Asubuhi moja mama mmoja wa makamo alitoa kichwa dirishani kabla sijauliza. "Yuko wapi mtoto wa maneno?"

"Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Mume wangu ana filimbi yake kwako. Kazi kapata, ila haina mshahara: anachezesha mpira wa watoto mtaani, na refa gani anapuliza vidole? Mimi naenda Mwanza kwenye dagaa. Akasema nikipita hapa niichukue."

Mkono wangu ukaibana filimbi mfukoni. Niliyemsubiri ni mzee, na huyu si mzee. "Nitajuaje, mama, kwamba amekutuma?"

Abiria wakaguna. Mmoja akasema, "Kimo kidogo, kiburi kikubwa." Lakini yule mama akatabasamu.

"Alijua utauliza. Alisema nikwambie neno lilikatikia kwenye 'unachopewa'."

Mtu wa Tabora angejuaje lilipokatikia, kama hakuambiwa na aliyekuwa analisema? Nikafungua kitambaa. Machozi yakanitangulia, na mama akayaona.

"Bado inalia? Ipulize nisikie, nikamwambie."

Nilikuwa sijaipuliza tangu bibi anikataze. Nikavuta pumzi ya miezi yote ile, nikapuliza. Hapo sasa. Abiria waliokuwa chini wakinunua wakaacha vitu vyao wakarukia mabehewa, dereva akapiga honi, na gadi wa zamu, aliyekuwa bado anakunywa chai kwa mkuu wa stesheni, akatoka mbio na kikombe mkononi. "Nani kaniondoshea treni?"

Behewa zima likaninyoshea vidole. "Gadi yule pale."

Jina likanishika mpaka leo.

Nikamkabidhi mama filimbi, na treni ikaenda nayo. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akanifuta uso kwa pindo la kitenge, akasema, "Wabeja." Kwetu ndiyo asante, na kwake haikutoka hovyo.

Yule mama aliporudi na mizigo ya dagaa, mzigo mmoja ulimzidi, akatuachia tumtunzie mpaka safari inayofuata. Wenzake wa biashara wakamuuliza kamwachia nani. "Gadi wa Fela." Wakaacha na wao. Kibanda cha bibi kikajaa, nikajenga kingine, mabasi yalipozidi nikahamia Buzuruga. Yule mzee sikumwona tena kwa macho. Mkewe aliniambia Jumamosi mtaa wao husikika kwa filimbi kuliko kwa adhana na kengele.

Mpaka leo, mwanangu, kwangu mzigo hautoki kwa kitambulisho peke yake. Anayeuacha hutaja maneno yake, huyakata katikati. Anayekuja kuuchukua huyamalizia. Vijana wenye diploma niliowaajiri walicheka mwanzoni. Siku hizi hawacheki.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, kabla sijarudi kujisifu. Maneno wanayokupa shuleni usiyaone mzigo wa bure. Ukipenda treni, yapakie kwenye treni. Ukipenda mpira, yapakie kwenye mpira. Mwalimu akikucheka, akucheke yamo kichwani. Usichokijua kiulize, hata kwa mtu anayepita dirishani. Ukipewa nusu, usiifanye nzima kwa sababu nusu hiyo inakupendeza. Ngoja, tafuta, uliza tena. Na kitu cha mtu kikiwa mkononi mwako, kitunze kama vile mwenyewe amesimama nje ya mlango, maana ipo siku atatuma mtu.

Mungu akupe subira ya kusikiliza mpaka mwisho wa neno. Akupe watu wa kukukabidhi vyao bila kugeuka nyuma. Na safari yako, mwanangu, ifike stesheni yake, na mabehewa yako yote yakiwa yameshikana.