Msiba wa Pikapu

Binti yetu alirudi nyumbani Mbagala kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu Wazaramo. Mjukuu wangu alikuwa na siku tisa, na kila nilipowasha pikapu aliamka akilia. Ekzosi ilikuwa imeliwa na kutu. Muungurumo wake uliwafanya hata kuku wa jirani waache kudonoa.

"Hilo gari linyamaze kabla ya Ijumaa," mke wangu alisema, "ama nawaita wanunuzi wa vyuma chakavu."

Hakuwa anatania. Mie pikapu ile nimezunguka nayo Kilwa, Masasi hadi Tunduru, nikilala nyuma juu ya magunia ya korosho. Kuiona ikikatwakatwa nisingeweza. Alhamisi asubuhi nikaziba tundu mwenyewe kwa kopo la maziwa na waya. Nilipokanyaga mafuta, kopo likafyatuka, likabingirika uchochoroni, na kilio kikasikika chumbani. Mke wangu akanichungulia dirishani. Nikampigia simu fundi wa kuchomelea.

Fundi huyo ni Mnyamwezi, mtani wangu. Aliingia chini ya gari, akatoka, akavua kofia, akachukua kanga kambani akajitanda, kisha akaketi mchangani na kuomboleza.

"Uwiii! Wazaramo mmefiwa! Marehemu mnamzika lini?"

"Fanya kazi, mbeba mizigo wewe!"

"Sigusi kitu. Msiba gani huu hauna hata chai?"

Majirani walishakusanyika, wakicheka huku wameziba midomo kwa ajili ya mtoto. Ikabidi nimletee chai na mihogo ya kuchemsha. Alikula taratibu, akilalamika kwamba maiti wangu ananuka oili, ndipo akakata kipande kilichooza, akachomelea bomba jingine na sailensa ya mtumba.

Nikawasha. Pikapu ikanguruma chini kwa chini, kama mgeni anayekoroma kwa adabu. Ndani kimya. Mke wangu akatokeza mlangoni, akatikisa kichwa kukubali.

"Marehemu kafufuka!" mtani akapiga kelele, akirukaruka na kanga yake.

Mtoto akaangua kilio.

Mke wangu hata hakunitazama. "Wewe Mnyamwezi! Nawa mikono kwa sabuni, uje umbembeleze mwenyewe."

Mtani akaingia ndani kwa unyonge, kofia mkononi. Mie nikaiingiza pikapu uani polepole, nikaiegesha chini ya dirisha la chumba cha mtoto, nikazima. Hakuna aliyenifukuza.