Paka Aliyerudi Mkavu

Miaka ya Imajensi, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau, mume wangu alikuwa fundi wa magreda ya barabara, na nyumba yetu ilikuwa lori. Mzungu aliyesimamia kazi alikuwa amejijengea kijumba cha mbao juu ya lori kuukuu, chenye kitanda, dirisha na rafu ya vyombo. Alipopata gari jingine, hilo akamwachia mume wangu. Mimi nilitoka Majengo ya Meru, nimeolewa juzi tu, na buibui langu, sufuria mbili na paka wa kijivu niliyepewa na jirani muuza nyama.

Tuliegesha kule chini, karibu na Ishiara. Watu walikuwa wameshahamishiwa kwa nguvu kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, na nyumba zao za zamani zimechomwa. Sisi tuliruhusiwa kukaa nje kwa sababu ya greda lililoharibika. Kiongozi wa homgadi, wale askari wenyeji wa serikali, alikuja kila asubuhi kutazama pasi zetu za ruhusa, kisha akafunua kopo la unga na kuchungulia.

"Nyinyi watu wawili mnakula namna gani hii?"

Alishuku tunawalisha watu wa msituni.

Halafu mvua ikaanza. Ilipiga mabati ya paa hata tukawa tunaongea kwa ishara, na upepo ulilitikisa lori usiku na mchana. Mto ukafunika kivuko, barabara ya Embu ikawa tope tupu. Paka alitoka kila siku baada ya chai, akarudi jioni mkavu, ananuka moshi.

Niligundua mapema, nikanyamaza. Moshi wa nani, na nyumba zote ni majivu? Mume wangu naye akagundua. Alimpapasa paka mgongoni, akanitazama.

"Huyu anashinda kwa nani?"

"Nitajuaje?"

"Na unga unapungua."

"Wewe ndiye unayeupima," nikamwambia. "Mimi napika unachonipa."

Nilidhani kuna mtu anayemlisha kwa siri. Naye, kwa jinsi alivyokuwa akinitazama, alinidhania vivyo hivyo.

Siku mvua ilipozidi, mume wangu akiwa kwenye greda, mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamke mzee, maji yanamtiririka, amembeba paka ndani ya shuka. Alinionyesha kwa kidole kalavati lililopita chini ya barabara, karibu tu na pale tulipokuwa. Maji yalikuwa yakitoka humo kwa kishindo, yamebeba vijinga vya moto vilivyozimika. Alikuwa akiishi humo. Alisema Kimbeere, lugha ya watu wa huko, na Kimeru changu kikanisaidia kuokota maneno mawili matatu: shamba, nimekataa, baridi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ametumwa kutujaribu. Nilimtazama miguu, imekunjamana kwa maji kama nguo iliyoloweka. Nikamvuta ndani.

Kupitia dirishani niliwaona homgadi wakija, mume wangu akiwa katikati yao. Nikamvua mama yule shuka, nikamvika buibui langu, nikamfunika mpaka masikio yale yaliyotobolewa na kuvutwa. Nikamketisha kitandani pamoja na paka.

Kiongozi aliingia, akasimama. "Huyu ni nani?"

Mume wangu alimtazama yule mama mara moja tu.

"Mama yangu," akasema.

"Alikuja lini na mto imejaa?"

"Kabla haujajaa. Ni mgonjwa, hatoki nje."

"Pasi yake?"

"Bwana mkubwa alikwenda nayo Embu kuigonga muhuri."

Kiongozi akainama, akamsemesha kwa Kimbeere, pole pole, kama mtu anayemwita ndugu yake. Mama hakugeuka. Alikuwa akimkuna paka shingoni. Kiongozi akaitazama mikono ile iliyopasuka kwa jembe. Kisha akamwambia mume wangu kwamba mto ukipungua tu, tuondoke. Mpaka leo sijui kama alidanganyika.

Tulikaa watatu katika kijumba kile mpaka kivuko kikaonekana. Tuliondoka asubuhi. Kabla ya kuingia mji wa Embu mama aligonga ubao, mume wangu akasimamisha lori. Yule mama akalikunja buibui vizuri, akaniwekea mkononi, akanishika kichwani. Kisha akamwambia mume wangu jambo refu, naye akamjibu kwa Kimbeere safi, bila kukwama. Sikuwahi kumsikia akikisema.

Mama aliingia kwenye njia ya mashamba akaenda zake.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Barabarani."

"Na unga, ulikuwa ukimpelekea yeye?"

Akawasha injini. Tuliishi pamoja mpaka alipofariki, tukalea watoto, na kwa mambo mengine yote nilimwamini. Hilo la unga hakunijibu kamwe, nami nilikuwa nikimwangalia kila alipofunika kopo.